Marekebisho ya Katiba kuhusu viti maalum: uyasome kwa miaka, kwa ibara au kwa hoja?

Majina ya walioitwa kwenye usaili yakishatoka, msailiwa wa nafasi ya afisa sheria, afisa tawala au afisa maendeleo ya jamii hana tena nafasi ya kuisoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na marekebisho yake 14 neno kwa neno. Itabidi achague. Na mada ya hatua za makusudi za kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma, hasa viti maalum vya wanawake bungeni, ndiyo inayosomwa juujuu kuliko nyingi, kwa sababu kila mmoja anaamini anaijua. Wabunge wa viti maalum anawaona kwenye taarifa ya habari. Muulize sasa asilimia 30 ni ya nini hasa, au kwa nini chama chenye majimbo machache kinaweza kupata viti maalum vingi kuliko chenye majimbo mengi, uone anavyobabaika.

Watu wanaojiandaa vizuri kwa mada hii husoma kwa njia tatu. Wapo wanaofuata miaka, wapo wanaofuata ibara, na wapo wanaofuata hoja. Zote nimeziona zikifaulisha watu, na zote nimeziona zikiwaangusha. Kuchagua bila kujua kila njia inakuacha wapi ndiko kunakowagharimu wengi.

Tupime kwa nini

La kwanza ni sura ya swali. Usaili wa mchujo wa maandishi hautaki kile kinachotakiwa na mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye karatasi unaweza kuambiwa uchague jibu au utoe maelezo mafupi. Mbele ya jopo unaulizwa "kwa nini", na ukishajibu unaulizwa tena "kwa nini".

La pili ni muda ulionao. La tatu ni ulichonacho mkononi: Katiba yenyewe, au desa la kurasa mbili lililozunguka kwenye kundi la WhatsApp mpaka halijulikani lilitoka kwa nani? La nne ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: ukibanwa ukasahau kitu kimoja, je, njia uliyosomea itakusaidia kukikumbuka, au kitapotea pamoja na kila kilichokuwa karibu yake?

Kufuata miaka

*Inavyokwenda.* Unaanza juu na kushuka na marekebisho yenyewe. Marekebisho ya Tano, Sheria Na. 15 ya 1984, ndiyo yaliyoingiza haki za msingi katika Katiba, na uchaguzi wa 1985 ukaja na viti 15 vya wanawake. Marekebisho ya Nane, Sheria Na. 4 ya 1992, yalirudisha mfumo wa vyama vingi na kuweka kiwango kwa asilimia: viti maalum visipungue asilimia 15. Ya Kumi na Tatu, Sheria Na. 3 ya 2000, yakapandisha hadi 20. Ya Kumi na Nne, Sheria Na. 1 ya 2005, yakafika 30, na hapo ndipo tulipo hadi leo. Viti vyenyewe vilikuwa 37 mwaka 1995, 48 mwaka 2000, 75 mwaka 2005, 102 mwaka 2010 na 113 mwaka 2015.

Orodha hiyo peke yake haitoshi. Pembeni yake andika yaliyokuwa yakitokea nje ya Bunge. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 1995 ukafanyika mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Mwaka 1997 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walitoa tamko lililolenga wanawake wafikie angalau asilimia 30 katika siasa na ngazi za maamuzi ifikapo 2005. Ukishaliweka tamko hilo karibu na Marekebisho ya Kumi na Nne, namba ya 30 na mwaka wa 2005 zinashikana zenyewe, huna haja ya kuzikariri.

*Nguvu yake.* Ni njia ya haraka. Jioni mbili za utulivu zinatosha kuiweka kichwani, na kwa maswali ya kuchagua jibu hakuna inayoishinda. Pia inakupa simulizi, na simulizi hukaa kichwani kuliko orodha.

*Inapopwaya.* Inakuambia nini kilibadilika, haikuambii kinafanyaje kazi. Aliyesomea miaka peke yake atasema viti maalum ni "asilimia 30 ya Bunge", na sivyo. Kuna pia mtego wa kuchanganya mwaka wa sheria na mwaka wa uchaguzi: kiwango cha asilimia 15 kiliwekwa 1992, kikatumika kwa mara ya kwanza 1995. Na ukisahau mwaka mmoja katikati, inayofuata nayo inaanza kuyumba.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku chache, anayekabili mchujo wa kuchagua majibu, au anayeigusa mada hii kwa mara ya kwanza na anahitaji pa kuanzia.

Kufuata ibara

*Inavyokwenda.* Hapa unaifungua Katiba yenyewe, toleo la Kiswahili, na kukaa na ibara chache: 13, 51, 66, 67, 78, 81 na 98. Toleo lililochapishwa lina maandishi madogo pembeni mwa kila ibara yanayoonyesha sheria zilizoigusa, kwa mfano "Sheria ya 2000 Na. 3". Wengi huyapita bila kuyatazama. Anayeyasoma anapata historia ya marekebisho bila kubeba orodha nyingine.

Anza na ibara ya 13(5), kwa sababu ndiyo msingi wa mambo yote. Ibara hiyo inaeleza maana ya kubagua, kisha inaongeza kwamba neno hilo halitafafanuliwa kwa namna itakayoizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Maneno hayo yaliingia kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu, mwaka 2000. Ukiulizwa kama viti maalum havivunji usawa mbele ya sheria, jibu lako linaanzia hapo.

Kisha ibara ya 66(1)(b), ambako watu wengi hupoteza alama. Inasema wabunge wanawake wa idadi *isiyopungua* asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine. Chukua kalamu upige hesabu ya mwaka 2005: majimbo 232, wabunge watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu, na kumi wa kuteuliwa na Rais. Jumla ni 248. Asilimia 30 yake ni 74.4, ndiyo maana viti vikawa 75. Sasa viongeze viti hivyo 75 kwenye 248, unapata Bunge la watu 323, na 75 ndani ya 323 ni kama asilimia 23 tu. Rudia hesabu kwa mwaka 2010: majimbo 239 na wale 16 wengine ni 255, na viti 102 ni asilimia 40 kamili ya 255. Kwa hiyo 30 ni kiwango cha chini, na kwa vitendo nchi ilishakivuka bila kuigusa Katiba tena. Msailiwa aliyepiga hesabu hizi mwenyewe, hata mara moja, hawezi kuyumbishwa na jopo.

Ibara ya 78 ndiyo inayogawa. Chama lazima kiwe kimepata angalau asilimia tano ya kura zote halali za uchaguzi wa wabunge, na mgawo hufuata uwiano wa kura. Kabla ya marekebisho ya 2005 mgawo ulifuata uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika uchaguzi wa 2010. CUF ilishinda majimbo 24, CHADEMA 23. Kwa utaratibu wa zamani CUF ingetangulia kidogo. Kwa utaratibu wa kura, CHADEMA ilipata viti maalum 25 na CUF 10, kwa kuwa ushindi wa CUF ulijikusanya Zanzibar, hasa Pemba, kwenye majimbo yenye wapiga kura wachache, wakati kura za CHADEMA zilitapakaa Bara nzima. CCM, yenye majimbo 186, ilipata 67. NCCR-Mageuzi walishinda majimbo manne wasipate kiti maalum hata kimoja, maana hawakufikisha asilimia tano. Mfano huu mmoja unaeleza ibara ya 78 kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Ibara ya 66(1)(e) inataka angalau watano kati ya wabunge wasiozidi kumi wa kuteuliwa na Rais wawe wanawake. Ibara ya 81 inaipa Tume ya Uchaguzi uwezo wa kuweka utaratibu wa vyama kupendekeza majina. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa kuchaguliwa majimboni, kwa hiyo mbunge wa viti maalum hawezi kushika nafasi hiyo. Ibara ya 98 inaeleza namna ya kubadilisha Katiba: theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo ya Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, yanayohusu Muungano na Zanzibar, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar.

*Nguvu yake.* Unajibu kwa kutaja mamlaka, na jopo la sheria linapenda hivyo. Ukisahau mwaka, ibara inakurudisha. Inakuepusha pia na madesa yaliyopitwa na wakati, na yale yanayochanganya Katiba na sheria za kawaida. Ile theluthi moja ya madiwani wanawake, kwa mfano, iko kwenye sheria za serikali za mitaa, haiko kwenye ibara hizi. Na Katiba inaposema "Tume ya Uchaguzi", chombo kinachofanya kazi hiyo sasa, tangu sheria za 2024, kinaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

*Inapopwaya.* Ni kazi nzito na ya polepole. Lugha ya kisheria inachosha asiyeizoea, na kuna hatari ya kubaki na namba za ibara bila kujua kwa nini ziliandikwa. Mtu anaweza kutamka "sitini na sita, moja, be" bila kigugumizi, akaulizwa viti hivi vimewasaidiaje wanawake wa kijijini akakosa la kusema.

*Inamfaa nani.* Waliosoma sheria au wanaoomba nafasi za sheria, wenye wiki mbili au zaidi, na yeyote anayetarajia maswali ya maelezo yanayodai kutaja kifungu.

Kufuata hoja

*Inavyokwenda.* Unaacha miaka na ibara kando kwa muda, unaandika maswali ambayo mada yenyewe inayazua. Kwa nini kutenga viti badala ya kusubiri ushindani ulete usawa? Mbunge anayetoka kwenye orodha ya chama anawajibika kwa nani? Utaratibu huu uwe wa muda au wa kudumu? Kuna njia nyingine? Chini ya kila swali unaweka majibu ya pande mbili na ushahidi wake.

Ushahidi mzuri uko karibu. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ya Desemba 2013, ilipendekeza viti maalum viondoke na kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014 ikabeba lengo la uwakilishi sawa, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Vuka mpaka uone majirani. Uganda, kila wilaya inamchagua mbunge wake mwanamke kwa kura za wananchi wenyewe, kwa hiyo ana eneo na ana wapiga kura wa kumuuliza. Rwanda, Katiba ya 2003 iliweka angalau asilimia 30 na kutenga viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi, lakini wanawake wakashinda pia kwenye orodha za vyama mpaka mwaka 2013 wakawa 51. Kenya ni fundisho la aina yake. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya 2010 inataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kwenye mabunge ya kaunti utaratibu wa kufidia pengo uliandikwa, kwenye Bunge la Kitaifa haukuandikwa, ukiacha viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti. Mahakama ya Juu ilishauri mwaka 2012 kwamba kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, na ikaweka kikomo cha Agosti 2015. Mwaka 2016 mswada wa kurekebisha Katiba ulipata kura 195 wakati zilihitajika 233. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Ukiiweka Kenya pamoja na Tanzania unaona kwamba Kenya iliandika lengo bila kuandika njia ya kulifikia, na Tanzania iliandika njia, lengo likabaki asilimia isiyofika nusu.

*Nguvu yake.* Hii ndiyo njia inayokufanya uzungumze kama mtu aliyeifikiria mada. Kwenye mahojiano inakupa utulivu, kwa sababu hukumbuki tu, unaeleza. Ukisahau namba moja, hoja yako bado inasimama.

*Inapopwaya.* Bila namba na ibara, hoja inageuka maoni ya kijiweni. Kwenye karatasi ya kuchagua majibu haikusaidii sana. Na ina kishawishi chake: kuegemea upande mmoja. Hata kama unaamini kwa moyo wote kwamba viti maalum ni haki iliyochelewa, na mimi ni mmoja wa wanaoamini hivyo, jopo linataka kuona kwamba hoja ya upande wa pili umeielewa vizuri kiasi cha kuweza kuitetea.

*Inamfaa nani.* Aliyeshavuka mchujo na anasubiri ana kwa ana, waombaji wa maendeleo ya jamii, jinsia au utawala, na yeyote anayejibu vizuri zaidi kwa kuzungumza kuliko kwa kuandika.

Hali yako ni ipi?

Kama una siku tatu na unakwenda kwenye mchujo, fuata miaka. Andika marekebisho manne, namba ya sheria, mwaka, kiwango na idadi ya viti. Kisha ongeza kitu kimoja tu kutoka njia ya ibara: hesabu ya 66(1)(b). Dakika ishirini hizo zitakuokoa na kosa ambalo wengi hulifanya.

Kama una wiki mbili au tatu na unaomba nafasi ya sheria, ingia kwa ibara tangu siku ya kwanza. Usianze na desa hata kama limeandikwa vizuri, kwa sababu ukishalizoea desa, Katiba utaisoma kutafuta kilichomo kwenye desa na kuyaruka mengine. Soma maandishi ya pembeni. Wiki ya mwisho ichukue kwa hoja, angalau ulinganisho wa Tanzania na Kenya, ambao jopo linaweza kuuibua wakati wowote.

Kama umeitwa ana kwa ana na mchujo umeshaupita, namba unazo tayari. Tafuta mwenzako mmoja, mpeane pande: yeye atetee kufutwa kwa viti maalum, wewe utetee kubaki kwake, kisha mbadilishane. Kila mtu alazimike kutaja ibara au mfano wa nchi kabla ya kutoa maoni yake. Wanaosoma katika kikundi cha watu watano au sita wanaweza kufanya hivyo hivyo, mmoja akiwa jopo.

Kama unafanya kazi mchana na unasoma usiku ukiwa umechoka, njia ya ibara itakuvunja moyo mapema. Anza na hoja, kwa sababu zinasomeka hata kichwa kikiwa kizito, na kila hoja ikikudai namba au ibara, ndipo ufungue Katiba ukaitafute hiyo moja.

Na kama wewe ni Mzanzibari unayejiandaa kwa nafasi ya huko, elewa kwamba ibara zilizotajwa hapa ni za Katiba ya Muungano. Baraza la Wawakilishi lina utaratibu wake chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, nao unapaswa kusomwa kwenye Katiba hiyo yenyewe, kwa njia yoyote kati ya hizi tatu utakayokuwa umeichagua.